Kura Kumi na Tatu, Saini Kumi na Mbili

Inspekta mstaafu Ato Crentsil alizipanda ngazi za jengo moja la mtaa wa Kotokuraba saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, akiwa amebakiwa na saa nane na nusu za kufanya kazi yake. Hakuomba maji wala kiti. Aliomba daftari la mahudhurio.

"Salamu kwanza, mdogo," alisema Ebo Abakah, katibu wa kikao, bila kuinuka. "Au darasa lenu halikufundishwa salamu?"

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Sasa ndiyo daftari."

Abakah alikuwa mwalimu wa jiografia kwa miaka thelathini na mitano, naye aliliweka daftari mezani kama anavyoweka mtu ramani: juu kaskazini, chini kusini, asiliguse mtu kwa vidole vya mafuta. Ukutani nyuma yake ilining'inia picha ya timu ya magongo ya mwaka wa sabini na tisa. Kando yake, katika fremu mpya ambayo bado ilinuka vanishi, lilining'inia Azimio namba 388.

Azimio hilo ndilo lililomleta Crentsil. Mchezo wa Dola Elfu huchezwa mtandaoni na watu wa kila bara. Kila mchezaji huunda dola yake, huipa sheria na bendera, kisha akipenda huomba kiti katika Baraza la Dunia, ambako maazimio huandikwa, hujadiliwa na kupigiwa kura. Maazimio hayo hayamfungi mtu yeyote nje ya mchezo. Lakini wahitimu wa mwaka wa sabini na tisa wa Shule ya Askofu Tandoh hawakulelewa kufanya jambo nusunusu. Kila Jumamosi walikutana katika chumba hiki wakiwa wamevaa tai za shule, wakajadili kila kifungu kwa kanuni za mdahalo, kisha wakaitwa mmoja mmoja kwa namba za kuandikishwa shuleni kwenda kupiga kura kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni. Ilikuwa moja tu, nao hawakuona haja ya ya pili.

Azimio 388, Haki za Mabaharia Waliotelekezwa Bandarini, lilikuwa la kwanza la mtu wa Tandoh kupitishwa. Lilipita kwa kura 9,412 dhidi ya 6,870. Siku tano baadaye, mmoja wa walioshindwa aliwasilisha shtaka: dola kumi na tatu zimepiga kura kutoka kompyuta moja, kwa muda wa dakika thelathini na nne. Sheria ya Baraza ni mtu mmoja, kiti kimoja. Karani mkuu wa mchezo, Bi Hileni Shikongo wa Windhoek, aliandika barua fupi. Wazee wathibitishe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumanne, kwa saa za Ghana, kwamba wao ni watu na si vivuli vya mtu mmoja. Wakishindwa, azimio litafutwa na dola zote kumi na tatu zitatolewa Barazani maisha.

Wazee hao walimteua Crentsil kwa sababu tatu: alikuwa mpelelezi kwa miaka ishirini na minane, hakuwahi kuucheza mchezo huo, na alikuwa Mtandoh. Alikuwa nyuma yao kwa madarasa mawili, jambo ambalo hakuna aliyelisahau.

"Siku ya kura mlikuwa wangapi?" aliuliza.

"Kumi na tatu," Abakah alijibu papo hapo.

"Wote walikuwa chumbani?"

"Wote waliitwa, wote wakaitika. Niliita mimi mwenyewe."

Crentsil aliufungua ukurasa wa Jumamosi ile na kuhesabu saini kwa ncha ya kalamu, kutoka juu kwenda chini. Kisha akahesabu tena, kutoka chini kwenda juu.

"Saini ni kumi na mbili, mkubwa."

Abakah alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa tai. "Basi ni Nunoo. Yule alichelewa. Yule huchelewa hata kwenye mazishi."

*

Kojo Nunoo alikuwa na duka la dawa ng'ambo ya barabara. Crentsil alimkuta akimhudumia mama mmoja aliyetaka dawa ya kikohozi kali lakini isiyolevya.

"Mama, hiyo unayoitaka haijatengenezwa," Nunoo alimwambia. "Chukua hii, ukilewa rudi unilaumu." Mama alicheka na kuondoka. Nunoo akamgeukia Crentsil. "Haya, polisi. Wamesema ni mimi, sivyo? Bweni likivunjwa dirisha, Nunoo. Mkate ukipotea jikoni, Nunoo. Miaka arobaini na sita imepita, bado Nunoo."

"Ulitia saini Jumamosi ile?"

"Nilitia. Niliingia kikao kikiwa katikati, nikatia saini, nikakaa benchi la nyuma, nikapiga kura ya mwisho. Namba yangu ni ya mwisho, 1163. Hata ningefika na jogoo, ningepiga ya mwisho."

Crentsil alimwekea mbele picha ya ukurasa aliyoipiga kwa simu. Nunoo alikidonoa kitu kilichofanana na mnyoo chini kabisa ya ukurasa.

"Hiyo hapo. Saini ya mtu wa dawa. Kama ingesomeka, ningenyang'anywa leseni."

"Kwa hiyo bado ni kumi na mbili."

Nunoo aliacha kucheka. Alianza kupanga upya vichupa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. "Muulize Abakah," alisema. "Mimi nilikaa nyuma. Niliona migongo ya watu tu."

Mtu anayesema aliona migongo tu, aghalabu ameona zaidi ya hapo. Crentsil aliliandika jibu hilo kama lilivyo, akatia saa kando yake, na kumwomba Nunoo amfuate ng'ambo kwa dakika kumi.

*

Aliporudi juu alimpigia Bi Hileni simu, akaomba saa kamili ya kila kura, pamoja na sekunde.

"Wewe ni wa kwanza kuniomba sekunde," alisema Bi Hileni. "Wengi huniomba huruma. Wiki iliyopita mmoja aliniapia kwamba paka wake ndiye aliyekanyaga kibodi akaunda dola nne."

"Hapa hakuna paka, mama."

"Tutaona. Ninakutumia sasa hivi."

Orodha ilifika. Kura ya kwanza ilipigwa saa nne na nusu kamili. Ya mwisho, saa tano na dakika nne. Crentsil alichora jedwali kwa rula. Kati ya kura na kura palikuwa na karibu dakika tatu, mara mbili na nusu, mara tatu na robo. Ulikuwa mwendo wa wazee wanaoinuka benchini, wanaovuta suruali juu, wanaovuka chumba, wanaoketi na kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Mtu mwenye vivuli asingepoteza muda wote huo. Jedwali hilo peke yake lingeweza kuwaokoa, isipokuwa mstari mmoja.

Kura ya nane ilipigwa saa nne, dakika hamsini na mbili na sekunde kumi. Ya tisa ilipigwa saa nne, dakika hamsini na mbili na sekunde hamsini na moja.

"Sekunde arobaini na moja," alisema. "Mkubwa Abakah, tafadhali keti benchini. Mkubwa Nunoo, keti kwenye kompyuta. Nikisema sasa, Nunoo anatoka, Abakah anaingia na kupiga kura ya majaribio."

"Unatuchezesha kama watoto wa mwaka wa kwanza," Abakah alinung'unika.

"Kwa heshima zote, mkubwa. Sasa!"

Abakah alitumia dakika tatu na sekunde nane, na sekunde thelathini kati ya hizo zilikuwa za kumlaumu Nunoo kwa kuacha kiti kikiwa na joto. Waliporudia kwa kubadilishana, Nunoo, aliyekuwa mwepesi zaidi, alitumia dakika mbili na sekunde kumi, huku Abakah akimwambia asikimbie ndani ya chumba cha kikao. Kisha Crentsil akaketi mwenyewe. Alifunga dola moja ya majaribio na kufungua nyingine bila kuinuka kitini. Saa ilionyesha sekunde arobaini na nne.

Feni ilizunguka juu.

"Aliyepiga kura ya nane hakuinuka," alisema Crentsil. "Nipeni orodha ya namba za shule, kwa mpangilio mliouita."

"Ya nini?" Abakah aliuliza.

"Kwa sababu wewe huita kwa namba, mkubwa, na hujawahi kuruka hata moja maishani mwako."

Orodha ilitoka kwenye mtoto wa meza polepole. Crentsil alizilinganisha namba na saini kumi na mbili. Kura ya nane ilikuwa ya namba 1147, Fiifi Turkson, mwandishi wa azimio. Kura ya kumi ilikuwa ya namba 1150. Kati yao palikuwa na namba moja tu kwenye orodha ya Abakah, iliyoandikwa kwa wino uleule, haikukatwa, haikuwekewa alama yoyote: 1148, Kwamena Otoo.

"Otoo tulimzika mwaka juzi," alisema Crentsil. "Nilibeba jeneza."

"Namba yake haikuzikwa," alijibu Abakah.

"Na wewe uliiita."

"Niliiita. Kama tunavyoiita Siku ya Mwasisi wa shule. Jina la marehemu likiitwa, aliyelala kitanda cha jirani huitika kwa niaba yake. Turkson alilala kitanda cha 1147. Aliitika. Nani hapa angemzuia?" Sauti yake ilipanda. "Uliniuliza tulikuwa wangapi, nikakwambia kumi na tatu. Sikukudanganya."

"Hukunidanganya. Lakini ulinisukumia Nunoo."

Abakah aliinamisha macho kwenye daftari. Nunoo alifungua mlango na kusimama hapo, akitazama ngazi. "Afadhali safari hii mmegundua wenyewe kwamba si Nunoo," alisema.

*

Turkson aliishi Bakaano, katika nyumba yenye karakana ndogo upande wa nyuma. Alikuwa amefungua pampu ya maji ya jirani na kupanga vipande vyake juu ya gazeti, kwa mpangilio ambao vingerudi ndani. Alikuwa mrefu, mwenye mikono iliyoungua zamani kwenye injini za meli. Hakushangaa.

"Keti, mdogo."

"Nitasimama, mkubwa. Nimekuja na swali."

"Uliza."

"Kura ya tisa aliipiga nani?"

"Otoo."

"Kwa mkono wa nani?"

Turkson alifuta mafuta viganjani, kidole baada ya kidole. "Siku ya Mwasisi, wewe humwitikii mtu?"

"Namwitikia marehemu Bondzie kila mwaka."

"Na unamwibia nani?"

"Simwibii mtu. Kuitika ni kukumbuka. Kupiga kura ni kuamua, na walioshindwa kule Barazani wana haki ya kujua waliamuliwa na watu wangapi."

"Maneno mazuri. Uliyapata depo ya polisi?"

"Niliyapata kwenye bwalo lilelile ulilokula wewe."

Turkson alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akasema, bila kuulizwa, kama mtu anayetoa ripoti ya zamu.

"Miezi kumi na moja mimi na Otoo tulikaa ndani ya meli moja bandarini. Mwenye meli alitoweka, bandari ikatukataza kushuka. Mimi nilikuwa wa injini, Otoo alikuwa mpishi. Injini ilizimwa, sikuwa na kazi. Yeye alikuwa nayo: kugawa wali usiotosha kwa watu kumi na tisa, bila hata mmoja kusema amepunjwa. Hakupunja mtu. Kifungu cha nne cha azimio, kwamba hakuna baharia atakayekatiwa maji ya kunywa kwa kosa la mwenye meli, ni maneno yake. Aliyatamka hospitalini, mimi nikaandika. Akanipa na neno la siri la dola yake. Akasema, usiiache ife kwa kutofunguliwa. Sasa unataka niandike kwamba hakuwepo?"

"Nataka uandike kilichotokea."

"Nikiandika, azimio litafutwa."

"Huenda. Sijui. Karani ndiye mwamuzi, na sikumuuliza, ili nisije nikakununua kwa jibu lake." Crentsil alilifunua jedwali na kuliweka kando ya vipande vya pampu. "Lakini hili ninalijua. Watu kumi na mmoja waliinuka benchini na kupiga kura zao wenyewe. Mstari huu mmoja usipoelezwa, karani atasema, ikiwa mkono mmoja ulipiga mbili, kwa nini usipige zote? Abakah atakuwa kivuli chako. Nunoo atakuwa kivuli chako. Wanaume kumi na mmoja waliovaa tai kila Jumamosi watafutwa kama watu ambao hawajawahi kuwapo."

"Na nikikataa kusaini?"

"Nitapeleka jedwali hili jinsi lilivyo, na nitasema ninachokijua. Ningeweza kupiga simu nikiwa kule kule juu. Nimekuja kwa miguu ili useme mwenyewe."

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Jirani alichungulia juu ya ukuta kuulizia pampu yake.

"Bado, Maame Esi," alisema Turkson. "Kesho."

"Jana pia ulisema kesho, Egya, baba yangu!"

"Basi nimesema kweli mara mbili." Alisubiri kichwa cha jirani kitoweke. Akaliviringisha tambara la mafuta, akaliweka chini, akaingia ndani. Alitoka na karatasi yenye mistari na miwani ya kusomea.

Aliandika kwa robo saa, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride. Maneno hayakuzidi saba kwa mstari. Mimi, Fiifi Turkson, niliipiga kura ya nane kwa dola yangu na kura ya tisa kwa dola ya marehemu Kwamena Otoo. Wenzangu kumi na mmoja walipiga kila mtu yake. Hakuna aliyeniamuru. Siombi kupunguziwa.

"Futa mstari wa mwisho," alishauri Crentsil. "Haukuulizwa."

"Mstari wa mwisho ndio nilioufurahia kuuandika," alijibu Turkson, akasaini.

*

Saa kumi na moja na nusu, wote wanne walikuwa wameizunguka simu ya Crentsil katika chumba cha Kotokuraba. Bi Hileni alisoma jedwali, picha ya daftari, matokeo ya jaribio na ungamo. Walisikia akigeuza karatasi.

"Bwana Turkson yupo?"

"Nipo."

"Kura ya tisa uliipiga wewe?"

"Niliipiga mimi."

"Ulijua sheria?"

"Niliijua. Niliisoma yote, pamoja na maelezo ya chini."

"Angalau humsingizii paka," alisema Bi Hileni. Abakah alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. "Uamuzi wangu ni huu. Dola kumi na moja zinabaki, kwa kuwa Inspekta amenionyesha watu kumi na mmoja wanaotembea polepole. Dola ya marehemu inafutwa leo. Dola ya Bwana Turkson inatolewa Barazani, na yeye hatapewa kiti tena maisha. Kura zote mbili zinaondolewa. Zinabaki 9,410 dhidi ya 6,870. Azimio linasimama."

"Na mwandishi?" Crentsil aliuliza. "Jina lake?"

"Aliiba kura, hakuiba maneno. Jina linabaki juu ya azimio. Kwaherini."

Nunoo alipiga meza kwa kiganja. Abakah alitaka kusema jambo, akakohoa kikohozi cha darasani. Turkson alikwenda kwenye kompyuta, akaketi. Dola yake ilikuwa bado kwenye skrini. Ilipotoweka, kiasi cha dakika mbili baadaye, hakuugeuza uso.

Kisha akazunguka na kiti.

"Ebo, una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Rasimu ya azimio. Kila dola iliyo na bandari itatunza kitabu cha majina ya mabaharia waliofia kazini, na kitabu hicho kitasomwa hadharani mara moja kila mwaka. Hicho ni kifungu cha kwanza."

"Fiifi, huna kiti," alisema Abakah kwa upole.

"Kiti sina. Kichwa ninacho. Kuandika hakukukatazwa, nimesoma maelezo ya chini. Mtalijadili ninyi, mtalipigia kura ninyi, kila mtu yake. Mmoja wenu ataliwasilisha kwa jina la dola yake. Wewe Ebo umekwisha kuwasilisha moja muhula huu, na kanuni ni moja kwa kila dola, huwezi. Nani hajawasilisha?"

Nunoo aliinua mkono wake polepole, kama mtu anayekiri kuvunja dirisha.

"Mimi sijawahi. Lakini Fiifi, dola yangu..."

"Inaitwaje?"

"Nilipojiunga nilidhani ni mzaha. Jina halibadilishwi."

"Inaitwaje, Kojo?"

"Jamhuri ya Dawa ya Minyoo."

Abakah alifunika uso kwa kiganja. Crentsil, ambaye hakuwa amecheka tangu asubuhi, aligeukia dirisha na kukaa akilitazama paa la soko kwa muda. Turkson peke yake hakutikisika. Alinyoosha tai yake, akairudisha katikati ya kifua.

"Basi ndivyo litakavyosomwa mbele ya Baraza la Dunia," alisema. "Andika, Ebo. Jamhuri ya Dawa ya Minyoo inatamka kwamba. Na uandike kwa herufi kubwa."